Mgawa Namba

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Bahati nzuri huyu bado yu hai, anakunywa chai yake hapa hapa Songea, kwa hiyo nitamsema ninavyotaka. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, sijui na sijawahi kuuliza. Ofisini tulimwita Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe, sisi tukalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, ubinafsishaji ukiwa wimbo wa kila siku redioni. Shirika letu lilinunua mahindi na tumbaku za wakulima, na ghafla wanunuzi binafsi wakajaa mkoani na malori yao. Wakubwa wa Dar es Salaam wakaamua kwamba dawa ni kompyuta. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Mashine yangu ya taipu ikapelekwa stoo, nikaletewa kompyuta na cheo kipya, karani wa takwimu. Kazi yangu ilikuwa kuingiza uzito wa mazao kutoka vituo vya Namtumbo, Hanga na kwingineko, ili wahasibu wauone kwenye kompyuta zao na wakulima walipwe. Kompyuta zote ziliunganishwa kwa waya, na huo ndio uliitwa mtandao. Mtandao ukifa, wakulima hawalipwi. Walikaa kwenye ngazi za ofisi na vifurushi vyao wakinitazama mimi, maana dirisha langu ndilo lililoelekea ngazi.

Na kutoka juu tulisikia neno moja tu: kupunguzwa. Watu watapunguzwa kazi. Nani, lini, hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa na mama aliyenitegemea, na kiwanja Ruhuwiko ambako tofali zangu mbichi zilikuwa zimepangwa zikisubiri kuchomwa. Mshahara ule ndio uliokuwa kuni za tanuri, bati na mlango. Ushike hilo ninapoendelea, kwa sababu yeye hakulishika.

Sasa nikueleze habari ya shikamoo zake. Hakuwa mzee. Alinizidi mimi kama kaka mkubwa anavyomzidi kitinda mimba, basi. Lakini kompyuta yako ikigoma, Mtaalamu alikuja, akasimama mlangoni, mikono nyuma, akatazama dari. Alikuwa anasubiri. Ukisema, "Shikamoo, Mtaalamu," alivuta pumzi kwanza. "Marahabaaa." Ilikuwa ndefu, tamu kinywani mwake kama asali ya Tunduru. Ndipo anakaa kwenye kiti chako na wewe unasimama.

Mama Mhasibu, ambaye kwa haki ndiye aliyestahili kuamkiwa, alikataa upuuzi huo. "Mwanangu, wewe tengeneza mashine," alimwambia. Mtaalamu akatabasamu, akasema kuna waya anaufuata mara moja. Akarudi jioni. Siku hiyo wahasibu wote walikaa mikono mapajani, na wakulima kwenye ngazi wakalala bila kulipwa. Mama Mhasibu alisonya mpaka tukamsikia mapokezi.

Kulikuwa na chumba kimoja chenye kiyoyozi, ukiacha cha Meneja. Humo ndimo ilimokaa seva, kompyuta kubwa iliyohudumia zile nyingine zote, nasi tuliiita kompyuta mama. Mtaalamu alivua viatu kabla ya kuingia, kama anaingia msikitini, naye ni Mkatoliki wa kwaya, tena mwimbaji wa besi. Ufunguo wa chumba hicho aliufunga kiunoni kwa kamba ya kiatu. Akienda maliwatoni, ufunguo ulikwenda naye. Akienda Mbinga kwenye harusi, ufunguo nao ulikula harusi Mbinga.

Haya, tuje kwenye namba, maana ndiko ulikolala mchezo wote.

Kila kompyuta kwenye mtandao lazima iwe na namba yake. Wenyewe wanaiita aipii. Ni namba ndefu yenye nukta nukta, lakini ndani ya ofisi moja kinachotofautiana ni zile tarakimu za mwisho, kwa hiyo sisi tulisema tu huyu wa tatu, huyu wa nane. Mafundi waliotoka Dar kutufungia mitambo waliiacha kompyuta mama izigawe namba yenyewe: ukiwasha asubuhi, inakupa iliyo wazi, huulizi wala husalimu mtu. Gari lao lilikuwa halijafika hata Njombe, Mtaalamu akauzima utaratibu huo.

"Mashine igawe namba?" alituambia wakati wa chai. "Leo igawe namba, kesho itagawa mishahara. Namba inagawiwa na mtu."

Akaanza kugawa kwa mkono, na akagawa kwa vyeo! Wakuu wa idara mbele, maofisa wakafuata, makarani mkiani. Baada yangu mimi ilikuwa printa. Mtu akipandishwa cheo, Mtaalamu alikwenda ofisini kwake na bisibisi mfukoni, ingawa bisibisi haikuwa na kazi yoyote pale, akafunga mlango, akabonyeza bonyeza, kisha akampa mkono. "Hongera sana. Sasa wewe ni wa tano." Na watu walimnunulia soda! Nilimwona afisa ugavi, mtu mzima mwenye wajukuu, amenuna kutwa kwa kuwa ameshushwa nyuma ya mwenzake, wala hajui namba yenyewe inafanya nini. Mtaalamu alikuwa amegundua kitu ambacho wakubwa wenyewe walikuwa hawajakigundua: kumbe unaweza kumpa mtu cheo kisicho na posho na bado akakushukuru.

Mimi ndiye niliyejua namba inafanya nini, na aliyenifundisha ni yeye. Sitaki kusema uongo. Mtu yule alijua kufundisha. Wenzangu wawili walishindwa kuhama kutoka taipu, wakaacha kazi wakilia. Mimi alikaa nami adhuhuri baada ya adhuhuri, wengine wakiwa wamekwenda kula, mpaka nikaelewa.

"Binti," aliniuliza, "barua yako posta inakufikiaje?"

"Kwa namba ya sanduku."

"Watu wawili wakipewa sanduku moja?"

"Barua atachukua atakayewahi."

"Na wa pili?"

"Atabaki na ufunguo na sanduku tupu."

Akapiga makofi. "Una kichwa, wewe!" Akanionyesha lile dirisha dogo la kijivu linalojitokeza kwenye kioo pale kompyuta inapokuta namba yake inatumiwa na nyingine. Aliyewahi anabaki hewani. Aliyechelewa anazimwa sauti, anabaki bubu mpaka mmoja abadilishwe. Nilifurahi siku ile. Nilikwenda nyumbani nikamsimulia mama habari za masanduku ya posta, naye akasema huyo bwana Mungu ambariki.

Na si hilo tu. Mlinzi wetu alipofiwa na mke, Mtaalamu alichimba kaburi na suruali yake ya ofisini, tope mpaka magotini, kisha akaimba besi mpaka watu waliokuwa wamemaliza kulia wakaanza upya. Rushwa hakula. Redio za masista alizitengeneza bure. Ndiyo maana chuki yangu haijawahi kukaa vizuri kifuani. Angekuwa mwizi, ningemchukia kwa raha zangu.

Lakini mbele ya mkubwa, loo! Mbele ya mkubwa mtu yule aliyeyuka. Meneja wetu alitoka Bukoba, hana hata babu mmoja aliyekanyaga Ungoni, lakini Mtaalamu alimwita Nkosi, jina la machifu wa Kingoni. "Nkosi amefika." "Nkosi ameagiza." Meneja alipopiga chafya, Mtaalamu alitoa leso. Msemo wake mkubwa ulikuwa, "Mkubwa hakosei, anachelewa kueleweka." Aliutoa kama Injili, kidole juu.

Siku moja kwenye kikao Mama Mhasibu, kwa utani wake, akajisifu kwamba yeye ni wa pili ofisi nzima. Meneja akainua uso. "Na mimi ni wa ngapi?" Ukweli ni kwamba kompyuta yake ilifungwa mwishoni kabisa, samani zake zilipowasili, na mafundi wa Dar walikuwa wameichomekea namba ya huko nyuma kwa mkono. Mtaalamu alikuwa hajathubutu kuigusa mashine ya Nkosi bila ruhusa. "Ni wa kumi na saba, Nkosi, lakini hiyo ni ya muda tu."

"Wa kumi na saba? Katika ofisi yangu?"

"Leo hii nairekebisha, Nkosi. Utakuwa namba moja. Nani mwingine awe namba moja?"

Namba moja ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya kompyuta mama. Naye Mtaalamu alijua, alijua vizuri kuliko sisi sote, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kwamba sanduku moja haligawiwi watu wawili. Angeweza kuihamishia kompyuta mama kwenye namba nyingine, lakini hapo ingebidi azunguke kwenye kila mashine aielekeze upya, na wakuu wa idara wangeuliza kuna nini, na jibu lingemfanya Nkosi aonekane mtoto. Basi akampa ile ile. Nadhani alitumaini Mungu atawapatanisha.

Umeme wa Songea enzi zile ulikuwa wa majenereta, unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na haya. Ukikatika ukarudi, kila mtu anawasha. Kompyuta mama ilikuwa nzito kuamka, inakohoa, inajinyoosha. Ya Meneja ilikuwa mpya na nyepesi, inaruka kitandani mara moja. Inawahi namba moja. Mama anaamka, anakuta kiti kimekaliwa, anakuwa bubu. Hapo ofisi nzima chali. Wahasibu hawaoni kitu, mimi siingizi kitu, na wakulima kwenye ngazi wananitazama. Na Meneja hakuhitaji mtandao wowote! Kwenye kompyuta ile alikuwa akicheza karata. Mlango ukiwa wazi ulimwona, malkia mweusi juu ya mfalme mwekundu, anabofya, anatafakari, anabofya.

Mtaalamu naye alibuni dawa yake. Anabisha hodi kwa Meneja, anainama, "Nkosi, napangusa vumbi la waya," anaichomoa, anakimbia kuiamsha kompyuta mama, kisha baadaye anairudisha. Akitoka anatuambia ni hitilafu ya kitaalamu. Umeme ukikatika tena, mchezo unaanza upya. Ilikuwa hivyo kiangazi kizima.

Mimi nilianza kuona kwamba Meneja akisafiri, mtandao hauanguki. Wenzangu walikuwa wakitania kwamba mkubwa akiwa safari hata mashine zinapumzika. Mimi sikutania. Nilisubiri Mtaalamu awe peke yake, nikamwamkia, akamaliza marahaba yake, nikasema, "Mtaalamu, si ni namba moja? Meneja na kompyuta mama wako sanduku moja."

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyepata hesabu ngumu. Kisha akaangalia mlango. "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Umemwambia mtu?"

"Bado."

"Usimwambie."

Nikafunika. Nilikuwa nani mimi, mtu anayefuatiwa na printa?

Kombe halikufunikika. Wakulima wa Namtumbo wakachoka, wakaenda kwa mkuu wa wilaya, na Dar wakapiga simu. Meneja akaitisha kikao, uso umemvimba. "Nataka kujua ni nani anayeharibu mtandao wa ofisi hii. Leo. Mtaalamu!"

Mtaalamu akasimama. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, namwona vizuri. Alimtazama Meneja, akatazama meza, kisha macho yake yakazunguka chumba yakitafuta mahali pa kutua. Wakuu wa idara hapana. Mama Mhasibu hapana, angemrarua. Yakanifikia mimi yakatulia.

"Nkosi, uchunguzi unaonyesha hitilafu inatoka kwenye kompyuta ya takwimu. Ina kasoro. Na inawezekana mtumiaji amechezea namba. Anazifahamu mno."

Anazifahamu mno! Yaani alinivua nguo kwa mkono ule ule alionivikia. Nikasimama. "Mtaalamu, sema kweli. Sema kompyuta gani ina namba moja."

"Kaa chini," Meneja akasema.

"Meneja, naomba tu aseme."

"Nimesema kaa chini! Mtaalamu, iondoe hiyo mashine."

Akaja mwenyewe kuiondoa. Akachomoa waya mmoja mmoja, akaukunja vizuri, maana hakupenda waya uliojisokota. Alipoinua kioo aliniomba nimshikie mlango, na mimi, kwa mazoea, nikamshikia.

Sasa sikiliza lililofuata. Asubuhi iliyofuata Meneja akasafiri kwenda Dar kwenye mikutano ya ubinafsishaji. Ofisi yake ikafungwa, kompyuta yake ikalala. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Mtandao haukutikisika. Kila mtu akasema, kumbe kweli! Tangu mashine ya yule binti ing'olewe, mambo yametulia! Hata mlinzi, ambaye namheshimu, alinitazama kwa huzuni kama mtu aliyegundua jirani yake ni mchawi. Mtaalamu akapita korido akipokea pongezi. Na simu ilipopigwa kutoka Dar kuwauliza wakuu wa idara nani apunguzwe kwanza, karani wa takwimu asiye na kompyuta alikuwa jibu jepesi. Nilikuwa nje kabla Meneja hajarudi.

Aliporudi, akawasha kompyuta yake, akacheza karata, umeme ukakatika, na ofisi nzima chali. Mama Mhasibu ndiye aliyenieleza, tulipokutana sokoni kwenye maharage. Alilia pale pale. "Tulijua si wewe, mwanangu. Lakini nani angesema? Na mimi nina watoto." Yeye nilimsamehe, kwa sababu alilia.

Mvua za mwaka ule ziliwahi. Kuni za tanuri sikuwa nimenunua. Nilikwenda Ruhuwiko nikakuta tofali zangu zimelegea, zimerudi kuwa udongo, na kuku wa jirani wanachakura juu yake. Mama yangu alikufa kwenye chumba cha kupanga. Alikuwa bado anauliza mlango wa nyumba yetu utatazama wapi.

Mengine ni marefu. Nilipata taipu ya zamani, nikapiga chapa nje ya mahakama, baadaye nikafungua duka dogo la kuchapa na kutoa kopi. Nyumba niliijenga Ruhuwiko, taratibu, tofali za kuchoma. Shirika lilikufa, jengo lake sasa wanauza mabati na saruji. Mtaalamu nilimwona kwa mbali miaka ile yote, kanisani akiimba besi, barabarani akitembea. Sikuwahi kumkaribia, mpaka Jumapili moja jirani yangu alipofanya sherehe ya kipaimara cha mwanawe.

Nilifika nikakuta turubai, pilau, kreti za soda, na yeye kwenye meza ya wazee, mvi kichwani, miwani puani. Alikuwa anasimulia. Watu wamemzunguka, wamekwisha kucheka hata kabla hajamaliza.

"Basi mimi nikampa Meneja namba ya kompyuta mama!" alisema. "Akiwasha, ofisi nzima chali! Na yeye yuko ndani anacheza karata!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mmoja alijifuta machozi.

"Sasa nani amwambie? Wewe ungemwambia? Mkubwa hakosei! Nikanyamaza kimya. Mpaka shirika linakufa, hajajua!"

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na sahani mkononi. "Na yule karani?" nikauliza.

Akageuka, bado anacheka. "Karani yupi?"

"Uliyesema kompyuta yake ndiyo yenye kasoro."

Akafikiri. Akachukua soda yake akanywa. "Aaa, yule. Yule alipunguzwa. Walipunguzwa wengi, dada yangu, ndiyo mambo ya enzi zile." Akatikisa kichwa kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa wa kweli. "Alikuwa na kichwa yule binti. Nilimfundisha mwenyewe. Sijui aliishia wapi."

"Aliishia hapa," nikasema.

Mama mwenye sherehe alisimama na bakuli la kachumbari, hajui aliweke wapi. Mtaalamu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akanitazama. Nikaona amenijua. Nikaona pia macho yake yanazunguka meza yakitafuta mahali pa kutua, kama siku ile, ila safari hii kila mahali palikuwa na mtu anayemtazama yeye. Nilimpa muda. Nilikuwa tayari, Mungu ni shahidi, neno moja tu lingenitosha.

Akanyoosha mkono, akatabasamu.

"Mwanangu," akasema, "mbona hujaniamkia?"

Huku kwetu mkubwa anaamkiwa hata kama mna kesi. Watu wote chini ya turubai walikuwa wakinisubiri, na watoto wa kipaimara na mashati yao meupe nao wananitazama wajifunze. Nikautazama ule mkono.

"Habari za leo, Mtaalamu," nikamjibu.

Marahaba yake ilikuwa tayari mdomoni. Nikamwacha nayo.